Nusu ya Mlingoti

Ukitaka kumjua Kasiana, usianze na sura yake. Sura yake ilikuwa ya mama yeyote wa Lizaboni, mtaa wetu wa Songea, anayekwenda misa ya kwanza akiwa na kitenge mabegani. Anza na sikio lake la kulia. Juu ya sikio hilo palikuwa na kovu laini, pale kisikizio kilipokaa tangu usichana wake. Kwa sikio hilo alisikia maneno mahali ambapo sisi wengine tulisikia mvumo mtupu, kama bisi zikipasuka kwenye sufuria.

Alizaliwa upande wa Peramiho, na kazi ya simu ya upepo alifundishwa na Bruda mmoja Mjerumani, mzee mwenye hasira za karibu lakini asiyeweka kinyongo. Siku ya kwanza Bruda alimkalisha mbele ya sanduku la chuma, akamwonyesha kitufe kilichokuwa ubavuni mwa kipaza sauti. Ukibonyeza, unasema. Ukiachia, unasikia. Huwezi kufanya yote mawili. "Mtu aliyebonyeza ni kiziwi," Bruda akamwambia. "Kwa hiyo wewe, binti, bonyeza kidogo, achia sana." Maneno hayo Kasiana aliyashika kama katekisimu, na baadaye aliyatumia hata katika ndoa yake na Otto seremala, na ndiyo maana walielewana.

Otto alifariki mapema, kifua kilimchukua. Alimwachia Kasiana nyumba ya vyumba viwili Lizaboni na mtoto mmoja, Mariana. Mama na mwana waliishi wenyewe kwa wenyewe hadi Mariana akaolewa na Pankrasi, mkulima wa tumbaku wa Mkongolele, kijiji kilichojificha mbele ya Namtumbo, ndani kabisa, mbali na barabara kuu. Kasiana hakupenda umbali ule, lakini alikuwa na kitu ambacho wakwe wengine hawana. Mkongolele palikuwa na zahanati ya misheni, na zahanati ilikuwa na simu ya upepo. Asubuhi na alasiri, zahanati zote zilipokuwa zikiita Songea kwa zamu, Kasiana aliweza kuuliza kwa ujanja, baada ya habari za dawa na chanjo, "Na yule mkulima wetu wa tumbaku na mkewe, hawajambo?"

Nesi wa Mkongolele aliitwa Sharifa, binti wa huko huko Namtumbo, mwenye sauti nyembamba iliyosikika kama inatoka chini ya mtungi. "Hawajambo mama, alhamdulillah. Mariana yupo hapa mlangoni, anakuitikia." Wakubwa wa ofisi ya uchukuzi ya misheni hapo Songea, alikofanya kazi Kasiana, walijua mchezo huo, wakaufumbia macho.

Sasa Mariana alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo zilitoka, na hii ya tatu ilishika. Karibu na miezi kutimia, Sharifa alipompima alikuta mtoto amelala upande, kama mtu aliyejinyoosha kwenye benchi, hakutaka kugeuka. Ikapangwa Mariana aletwe Songea mapema akae kwa mama yake. Lakini mvua za mwaka ule zilianza kwa fujo, barabara ya kuingia Mkongolele ikawa uji, gari likawa linasubiri siku mbili za jua zifuatane. Hivyo makubaliano yakawa haya: uchungu ukianza kabla ya jua hilo, Sharifa ataita, Kasiana atasikia, na Rupert dereva ataondoka na Land Rover hata kama ni kwa kusukumwa. Kila kitu kilining'inia kwenye sikio la Kasiana, naye alijua hivyo, na usingizi ulimpaa.

Ingekuwa zamani, asingeogopa. Zamani hewa ilikuwa yao peke yao. Lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa. Ushirika ulikuwa hoi, kila mwenye mtaji alikuwa ruksa kununua mahindi, ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua baa mbele ya shule. Na katika ruksa hiyo akaja Bwana Ramson kutoka Makete. Tulimtania kwamba Mkinga akiona jiwe huuliza soko lake liko wapi, naye alicheka sana kisha akauliza ni jiwe gani. Alijenga ghala la mahindi Lizaboni, mtaa wa pili kutoka kwa Kasiana, akanunua malori mawili, halafu akanunua simu ya upepo ya kuzungumza na wakala wake wa Namtumbo. Fundi aliyemfungia mtambo aliupanga kwenye masafa yale yale ya misheni, maana ndiyo masafa aliyoyajua maishani mwake. Kuyabadilisha kulihitaji kibali cha Dar es Salaam, na kibali cha Dar es Salaam mnakijua.

Ramson hakufanya jambo nusunusu. Alikata mkaratusi mrefu kuliko mnara wa kanisa, akausimamisha uani, akafunga waya wa antena kileleni. Karani wake, Violeth, binti mchangamfu wa Iringa aliyeongea kama anafukuzwa, alipofungua kinywa asubuhi, sauti yake ilijaa katika sikio la Kasiana kama amekalia meza yake. "Namtumbo, Namtumbo, magunia mangapi, lori limefika wapi, ova!" Na nyuma yake, chini kabisa, Sharifa na zahanati nyingine walikuwa wakilia kama vifaranga.

Watu wengine wangekata tamaa. Kasiana alitafuta njia, na njia yenyewe ilikuwa ya ajabu. Hakupigana na sauti ya Violeth. Aliisikiliza kwanza, yote, neno kwa neno, akaielewa. Ukishajua mtu anasema nini na atavuta pumzi wapi, alisema, unaweza kumweka kando, kama unavyotoa mawe kwenye mchele, na kinachobaki ndicho chakula chako. Alikuwa akichukua habari za magunia kwa nusu ya akili, na kwa nusu nyingine akamchukua Sharifa.

Fundi wa mtambo wa misheni alikuwa Mwalimu William, mwalimu wa fizikia aliyehamia kutoka Moshi, kijana mwenye miwani na maneno mengi. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Alikaa pale akifungua skrubu huku akisimulia. Alisema kuna wataalamu Ulaya waliokuwa wakifikiria kutuma habari kwa chembe za mwanga, moja moja, ndogo kuliko vumbi, na watu wengi wapite njia moja kama Kasiana na Ramson. "Na huko, mama, ujanja wako ungekuwa na taabu. Chembe hizo ni za deko. Ukiisikiliza sauti ya kwanza, umeshaigusa na ya pili. Ukitaka kurudia kusikiliza, haipo tena kama ilivyokuwa. Lazima usikilize polepole mno, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala."

"Hiyo ni simu ya wachawi, Mwalimu," Kasiana akasema. "Sisi huku tukikosa tunasema rudia."

Kumbe kulikuwa na faida nyingine ambayo hakuihesabu. Kwa kumsikiliza Violeth kila siku, Kasiana alijua malori ya Ramson yalipo kuliko Ramson mwenyewe. Mwaka uliotangulia, Sharifa aliita akiwa na mzee aliyebanwa na ngiri, na Land Rover ilikuwa gereji. Kasiana alikuwa ametoka kusikia kwamba lori liko Mtukano, kijiji cha jirani na Mkongolele, likipakia. Akamwambia Sharifa atume mtu akalizuie. Mzee akafikishwa hospitali juu ya magunia ya mahindi, akapona. Ramson alipopata habari hakukasirika, alimletea Kasiana sukari. Kasiana aliinywea chai sukari hiyo na kulisahau jambo lenyewe.

Maana alichoka. Hilo lazima lisemwe. Kichwa kilimgonga kila jioni, na tangu Sharifa amwambie kwamba mtoto amelala upande, kila "magunia mangapi" lilimwingia kama msumari. Ikiwa siku hiyo atashindwa kumtenga Violeth je? Ikiwa atapitwa na neno moja? Akatamani hewa safi, ya zamani, ya Bruda. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, hakwenda kugombana. Kwetu huendi mwenyewe kumdai jirani jambo zito, unampitia mtu mzima. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Ildefonsi.

Mzee Ildefonsi alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, na dawa hiyo ilikuwa nusu. Ugomvi wa mpaka, aligawa nusu. Mbuzi aliyekula mihogo ya watu, mwenye mbuzi alilipa nusu, kwa sababu mwenye mihogo naye hakuweka ua. Na tulimpenda kwa hilo, maana hakuna aliyetoka kwake ameshinda na kumcheka mwenzake. Akawaketisha Kasiana na Ramson uani kwa Ramson, chini ya ule mlingoti, sisi majirani tukiwa tumesimama pembeni.

"Shikamoo mzee," Ramson akaanza. "Mimi siwezi kuacha biashara. Lakini mama huyu ni mama yangu. Aseme, mimi nitafanya."

"Na wewe mama?"

"Sitaki afunge mtambo wake," Kasiana akasema. "Nataka mwanangu akiita nimsikie."

Mzee Ildefonsi akautazama mlingoti kutoka chini hadi juu, akakohoa. "Hewa ni ya Mungu, hakuna mwenye hati yake. Bwana Ramson, ukate mlingoti wako katikati. Sauti yako itapungua nusu. Wewe utaendelea kuongea na watu wako, mama ataendelea kuongea na wake. Kuna mwenye neno?"

Nani angekuwa na neno? Ilikuwa haki tupu. Sote tulitikisa vichwa kwa kuridhika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Wakanawa katika bakuli moja, wakala ugali na kuku sahani moja, kama desturi inavyotaka watu waliopatana wafanye. Kesho yake msumeno ukalia. Kipande cha juu cha mkaratusi Ramson akakifanya boriti ya ghala jipya, kwani Mkinga hatupi mti.

Asubuhi iliyofuata Kasiana alivaa kisikizio akitabasamu. Violeth alianza. Kasiana akakibana kisikizio sikioni.

Sauti ya Violeth ilikuwa imepungua kweli. Ilikuwa imepungua hadi ikawa sawasawa na sauti za zahanati. Haikuwa tena kubwa kiasi cha kueleweka na kuwekwa kando, wala haikuwa ndogo kiasi cha kupuuzwa. Zote mbili zilikuja zimekumbatiana, silabi ya huyu ndani ya silabi ya yule, uji wa maneno. Aliijaribu njia yake ya zamani, amwelewe Violeth kwanza, lakini kila alipomshika Violeth, Sharifa alimponyoka, na alipomshika Sharifa alijikuta na mkia wa Violeth mkononi. Alasiri ile alivua kisikizio akiwa ametokwa jasho kama aliyelima.

Mwalimu William alikuwa hayupo siku ya baraza, alikuwa ameitwa kusahihisha mitihani. Aliporudi na kuusikia ule uji mwenyewe, alivua miwani akaifuta.

"Mama, kelele kubwa unaielewa, unaitoa," akasema. "Kelele ndogo unaiacha ipite. Ile ya kati ndiyo mbaya kuliko zote, haieleweki na haikuachi. Mngemwacha alivyokuwa, au mngemzima kabisa. Nusu ndiyo mahali pasipofaa."

"Na haya unaniambia leo?"

"Mngeniuliza, mama." Kisha akaona uso wake, akaongeza haraka, "Hata mimi ningekuwepo ningeona ni haki."

Ilimchukua siku nzima Kasiana kumeza aibu. Utamwendeaje mtu aliyekata mlingoti wake kwa ajili yako, mkala sahani moja mbele ya watu, umwambie ausimamishe tena? Lakini tumbo la Mariana halikusubiri aibu ya mtu. Akaenda, akiwa amejifunika kitenge usoni kama anakwenda kukopa. Ramson alimsikiliza huku mdomo umeachama.

"Mama, uliomba nishushe, nikashusha. Sasa niupandishe?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Au usiseme kabisa saa zetu."

"Saa zenu ndizo saa ambazo sauti hufika vizuri Namtumbo, nami mahindi yananyeshewa." Alijikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, ningependa angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi kusimulia. "Basi sikia. Ngoja niingize magunia haya, mwisho wa wiki nakwenda kukata mkaratusi mwingine. Mrefu kuliko ule. Siwezi kukuangusha, mama."

Kasiana akashukuru. Mvua ikaendelea, na mawingu yakakaa juu ya wilaya yote kama kifuniko. Huko Mkongolele mtambo uliendeshwa na betri, na betri ilichajiwa na jua.

Mwisho wa wiki haukufika. Alasiri moja, zamu za zahanati zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, Kasiana alimsikia Sharifa akiita kabla ya zamu yake. Sharifa hakuwa mtu wa kuruka zamu. Sauti yenyewe, hata bila maneno, ilikuwa imepanda juu. Na wakati huo huo Violeth akafungua kinywa.

Katikati ya uji ule Kasiana alipata neno moja zima: Mariana.

Akabonyeza. "Mkongolele, rudia. Rudia, Mkongolele, ova." Akaachia. Uji. Akabonyeza tena. "Sharifa, sijakupata, rudia taratibu!" Akaachia. Alipata kitu kama "mkono", au labda hakukipata. Je, uchungu umeanza? Mkono wa nani? Akabonyeza. Na mtu aliyefundishwa kubonyeza kidogo na kuachia sana akajikuta anabonyeza sana na kuachia kidogo, akiomba, akisihi, akifunika kwa sauti yake mwenyewe jibu alilokuwa akiliomba. Na kule ng'ambo Sharifa alitii. Kila alipoambiwa rudia, alirudia.

Rupert dereva alichungulia mlangoni. Kasiana akamwambia, bila kugeuka, "Kimbia kwa Ramson. Mwambie Violeth anyamaze! Mwambie mwanangu anakufa!" Hakujua kwa nini alisema hivyo, neno lilitoka lenyewe. Angekwenda mwenyewe, miguu ilitaka kwenda, lakini akiondoka nani atasikia? Na akibaki alikuwa anasikia nini? Alibaki ameketi, mikono yake miwili imekishika kile kipaza sauti, hana la kufanya duniani ila kusema rudia.

Halafu Violeth akanyamaza katikati ya neno. Rupert alikuwa amefika.

Hewa ikatakata. Kasiana hakuwa ameisikia ikiwa safi hivyo tangu siku za Bruda. Hakuna sauti ya mtu, hakuna gunia, hakuna lori. Akaachia kitufe, akasubiri. "Mkongolele," akaita. Akaachia. Akasikia mlio mmoja mfupi, dhaifu, wa mtambo unaojaribu kusema na kushindwa. Kisha hata huo haukuja tena. Betri ilikuwa imekwisha. Kila "rudia" ilikuwa imekula kipande chake.

Mlango ukafunguliwa, Rupert akaingia na Violeth nyuma yake, amelowa, analia. "Mama nisamehe, shikamoo, mama sikujua, nilikuwa namwambia wakala wa Namtumbo tu."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

"Kwamba lori liko Mtukano linapakia, awe na wapagazi tayari, litaondoka muda si mrefu kabla mto haujajaa."

Kasiana alimtazama binti yule. Lori lilikuwa Mtukano, jirani ya Mkongolele. Mlingoti wa Ramson ungekuwa mzima, ule mkaratusi wa kelele uliomgonga Kasiana kichwa kila jioni, Violeth angemwambia habari hiyo sikioni bila kuombwa, mapema, lori likiwa bado linapakia.

Aligeukia mtambo. "Mkongolele, Mkongolele. Sharifa, usijibu, sikia tu. Lori la Ramson liko Mtukano. Tuma mtu sasa hivi alizuie. Lori liko Mtukano." Akaachia, akasikiliza. Kimya. Betri iliyoshindwa kusema huenda bado inaweza kusikia, Mwalimu William aliwahi kumwambia. Huenda. Akarudia tena, na tena, akiita jina la kijiji, kisha jina la Sharifa, na mwishowe, kinyume cha sheria zote za kazi yake, jina la mwanawe. "Mariana. Mariana, mwanangu, unanisikia?" Alisema kidogo, akaachia sana, kama alivyofundishwa. Hakuna kilichorudi. Rupert aliwasha Land Rover akaondoka katika mvua. Violeth alichuchumaa sakafuni ukutani, hakuthubutu kuondoka. Kasiana aliendelea kuita hadi taa za mtaa wa pili zikawaka.

Rupert alizuiwa na mto uliokuwa umefurika juu ya daraja, akavuka asubuhi. Aliporudi Songea hakuwa na haja ya kusema. Aliegesha gari mbali kidogo na ofisi na kukaa ndani bila kushuka, na Kasiana akamwona kupitia dirishani.

Walimzika Mariana na mtoto wake Mkongolele, kaburi moja, nyuma ya mabanda ya kukaushia tumbaku. Ramson alitoa lori kubeba watu wa Lizaboni, akaendesha mwenyewe. Mzee Ildefonsi naye alikwenda. Alishika mkono wa Kasiana kaburini. Ile dawa yake haikuwa na mahali pa kuingia.

Baada ya maziko Sharifa alimchukua Kasiana pembeni, kwenye chumba cha zahanati, penye kitanda na mtambo. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache.

"Mama, nilikusikia," akasema. "Kila neno. Betri ilikuwa imebakiza nguvu ya kusikia tu, ya kusema ilikwisha. Pankrasi alichukua baiskeli pale pale akaenda Mtukano. Alikuta alama za matairi tu, maji ya mvua yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia ndani yake. Alilifuata, akaanguka, akalifuata tena. Wallahi mama, alijitahidi."

Kasiana akaitikia kwa kichwa. Alitaka kuuliza jambo lakini hakulijua ni lipi. Sharifa akalijua.

"Nilikuwa nimesogeza redio hapa kitandani. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia, lakini Mariana alikuwa na akili zake zote. Ulipokuwa ukimwita, mama, alikuitikia. Kila mara ulipoachia, alikuitikia. 'Abee, mau,' kama alivyozoea kukuita mama. Nikamwambia, hakusikii, pumzika. Akasema, atasikia, mau anasikia kila kitu. Akaendelea kuitika, abee, abee, hata sauti ilipokwisha alikuwa akiitika kwa midomo."

Kasiana aliweka kiganja juu ya ule mtambo, akakiacha hapo. Hakulia pale, alilia njiani, juu ya lori, kwa sauti iliyofanya Ramson asimamishe gari katikati ya pori na kushuka, akaenda kusimama mbali akiwa amewapa mgongo.

Wiki ile ile Ramson alisimamisha mkaratusi mpya. Ni mrefu kweli, mrefu kuliko wa kwanza, na hakuna aliyemwomba. Violeth alirudi kusikika kama amekalia meza, magunia mangapi, lori limefika wapi, nao wote wawili, Violeth na Kasiana, walizoea kulitaja kila lori mahali lilipo, taratibu na kwa sauti, kama watu wanaosali rozari. Kasiana aliendelea na kazi hadi alipostaafu. Watu walishangaa. Yeye alisema hajui kazi nyingine.

Ila jambo moja lilibadilika, na waliokuwa na mitambo walilijua wote, hakuna aliyelisema. Asubuhi, zamu zilipofika Mkongolele, Kasiana aliita jina la kijiji, akaachia kitufe, akasubiri. Sharifa alikuwa ameketi kule, kipaza sauti mkononi, betri imejaa. Alimsikia vizuri sana. Na kila siku alimwachia mama yule kimya kidogo, cha kutosha 'abee' moja, kabla ya kumjibu.